Mashine Ilipomuuliza Yaya Pélagie

Kwa miezi mitano Mélanie alilala ameketi. Alipanga mito mitatu nyuma ya mgongo, wa nne akaukumbatia, na usingizi ulimjia kwa vipande, kama mvua ndogo isiyolowesha udongo. Akijilaza chali, tezi iliyomvimba shingoni ilimkalia kooni kama mtu mzito aliyeketi mlangoni, na pumzi ilikosa pa kupita.

Kwa sababu hiyo mchana pia alisinzia. Alisinzia akitwanga sombe, majani ya muhogo, alisinzia akingoja zamu yake bombani. Watu walimsemesha naye akawajibu kutoka mbali, na mara nyingine hakujua kama jambo limetokea kweli au ameliota. Alikumbuka, kwa mfano, viatu vya jirani vikielea sebuleni, vikizunguka taratibu, kila kiatu na njia yake. Aliona haya kuuliza. Baadaye akaja kujua kwamba lile lilikuwa kweli: mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda na kuingia katika nyumba za chini za Kalemie, na jirani yule alikuwa amehamia kwa shemeji yake mlimani.

Lakini kuimba, aliimba. Katika kwaya ya parokia yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Papa Salomon, mwalimu wa kwaya, alimwinulia kidole kimoja tu, naye Mélanie akaitoa sauti ya kwanza, peke yake, juu, kabla ya wengine kuingia. Hapo pumzi yake ndogo ilimtosha. Hakujua ilitoka wapi.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Hakujua kusali kwa kusema. Tangu utoto, akisema Baba Yetu kwa maneno matupu, aliyasikia maneno yakibaki palepale mdomoni kama chakula kisichomezwa. Akiyaimba, hata kwa sauti ya chini akifagia uwanja, aliyahisi yakienda. Aliamini kwamba huo ni upungufu wake, na kwamba Mungu kwa huruma alikuwa amemwachia njia hiyo moja.

Wapasuaji walipokuja kutoka Lubumbashi kwa siku kumi, Dokta Elysée wa hospitali aliandika jina la Mélanie kwa siku ya Alhamisi. Mume wake, Télesphore, alikuwa Kabimba akichimba mawe ya chokaa, na ruhusa yake ilikuwa ya Jumatano. Basi aliyekuja naye hospitalini Jumatatu alikuwa dada yake mkubwa, ambaye wote walimwita Yaya Pélagie, na mbabula yake ya makaa, na sufuria mbili, na mkeka. Kila mgonjwa pale huja na garde-malade wake, ndugu wa kumpikia, wa kumfulia na wa kumjibia. Munganga akiuliza, garde-malade hujibu. Mgonjwa hutunza nguvu zake. Hivyo ndivyo watu walivyofanya siku zote, na hakuna aliyeona ubaya.

Walikaa kwenye baraza lililotazama ziwa. Maji yalikuwa meupe kwa jua, hayakuonyesha mwisho, na mashua moja ilikuwa imesimama katikati ya weupe ule kama imetundikwa.

Cécile, muuguzi, alikuja na tableti yake katika mfuko wa kitambaa cha kikwembe alioushona mwenyewe. Hospitali ilikuwa imeipata mashine ile mwaka uliopita. Ilieleza ugonjwa kwa Kiswahili au Kifaransa, ikachora, ikauliza maswali, na mwisho ikatoa karatasi ambayo munganga aliisoma kabla ya kuongea na mgonjwa.

"Mama Mélanie, usiogope," alisema Cécile. "Hii haikati muntu. Inasema tu."

"Na ikisema uongo?" aliuliza Yaya Pélagie.

"Ikisema uongo tunaizima."

"Ah! Marehemu mume wangu Bertin, ningejua kitufe chake kiko wapi!"

Cécile alicheka hadi akashika ukuta. Mélanie naye alitabasamu, kwa mbali.

Mashine ilikuwa na sauti ya mwanamke, ya polepole, yenye Kiswahili cha ng'ambo, cha Kigoma labda. Iliwaonyesha koo lilivyo ndani. Pumzi ilipita katika mrija, na tezi ilikuwa imeukumbatia mrija ule kwa pande mbili, upande wa kulia ukiwa mkubwa kuliko wa kushoto. Nyuma ya tezi zilipita nyuzi mbili nyembamba, moja kila upande, nazo ndizo zilizobeba sauti. Mpasuaji hufanya kazi karibu sana na nyuzi hizo.

Kisha kwenye kioo wakatokea watu mia moja. Walikuwa wadogo kama punje za wali, wamepangwa kumi kumi, wote wa kijivu, bila nyuso. "Watu hawa mia moja waliondolewa tezi yote," ilisema sauti. "Karibu wote pumzi yao ilifunguka." Wanane kati yao waligeuka rangi ya manjano. "Hawa wanane hawakuweza tena kutoa sauti ya juu kama zamani." Wawili wakawa wekundu. "Hawa wawili walibaki na sauti ya kukwaruza."

Mélanie aliwatazama wale wanane. Wengine walikuwa juu, wengine chini, mmoja pembeni kabisa. Alitaka kuuliza ni nani aliyewachagua, lakini swali lilikuwa zito, na joto lilikuwa limeanza kumfunga macho.

Hapo mtu aliita kutoka wodi ya wazazi. Cécile alisimama.

"Mutoto anatanguliza miguu," alisema. "Yaya Pélagie, endelea na mashine. Inauliza yenyewe, unagusa tu. Ikikushinda, ningojee."

"Mimi inishinde? Nimelea watoto saba."

Mélanie aliegemea ukuta. Alisikia sauti ya mashine ikiuliza kitu, na sauti ya dada yake ikijibu, kavu, upesi. Kisha swali lingine. Kisha kimya kirefu. Baadaye sauti zile mbili zilianza kusikika sawa, kama wanawake wawili waliokaa kwenye benchi moja baada ya misa, mmoja akiuliza taratibu na mwingine akijibu taratibu zaidi. Alisikia neno *chumba*. Alisikia neno *siku ya tatu*. Akafikiri, naota.

Na kweli aliota. Alikuwa akitembea kwenye barabara ya kando ya ziwa, ile iliyoliwa na maji, na maji yalimfika kwenye kifundo, ya uvuguvugu. Wale watu mia moja walikuwa wamesimama ndani ya ziwa kwa mistari, wamemgeuzia uso, lakini nyuso hazikuwapo. Alipita katikati yao akitafuta nafasi yake. Kila alipofika penye pengo, pengo lilijaa. "Jina lako nani?" alimuuliza mmoja wa manjano. Yule hakujibu. "Na wewe?" Wote walinyamaza, na kimya chao hakikuwa cha hasira, kilikuwa kimya cha watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Akasema moyoni: Bwana, Wewe unawajua hawa. Lakini alisema bila kuimba, na maneno yakaanguka majini mbele ya miguu yake, akayaona yakizama.

Alipoamka, mashine ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko wake. Yaya Pélagie alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi, amempa mgongo.

"Imesemaje?" aliuliza Mélanie.

"Tezi yote itoke. Cécile amechukua karatasi." Hakugeuka. "Kula samaki wako kabla hajapoa."

*

Jumanne Papa Salomon alikuja kumtazama, na kofia yake mkononi.

"Mama, upone upesi," alisema. "Jumapili nilianzisha wimbo mimi mwenyewe. Watu wawili wamehama dini."

"Wawili tu?" alisema Yaya Pélagie. "Basi uliimba vizuri."

Walicheka wote. Kisha Papa Salomon aliiangalia shingo ya Mélanie, akaondoa macho haraka. "Sauti ni kitu kidogo, mama," alisema. "Pumzi kwanza. Sisi tutakuombea."

Mélanie aliitikia kwa kichwa. Alijua kwamba mtu yule alisema kwa upendo. Lakini alipoondoka, Mélanie alihisi amefungiwa mlango kwa upole. Mtu atasemaje, mbele ya wagonjwa wanaotafuta uhai tu, kwamba anaogopea sauti yake? Watasema ni majivuno. Labda ni majivuno kweli. Alimuuliza Mungu hilo, akiliimba puani, kidogo sana, akitazama maji. Wimbo ulimpa pumzi tatu nzuri, moja baada ya nyingine.

Jambo moja tu lilimsumbua katika tafakari yake. Karatasi ilikuwa imeandikwa, na yeye hakukumbuka kuulizwa.

*

Jumatano Télesphore alifika na vumbi jeupe la chokaa bado kwenye nyusi. Alimshika mke wake mkono, akaketi ukingoni mwa kitanda, na papo hapo Dokta Elysée aliingia na Cécile. Dokta alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kusoma kila kitu kwa sauti kwa sababu, alivyosema, macho yake yakisoma peke yake huruka mistari.

"Mama, nisome pamoja na wewe kile ulichoiambia mashine," alisema. "Kisha utanieleza kwa maneno yako mwenyewe tutafanya nini kesho."

"Ameelewa, Dokta," alisema Yaya Pélagie. "Mukate tu."

"Tutafika huko, mama." Alikunjua karatasi. "Kati ya pumzi, sauti, na kuishi bila vidonge vya kila siku, umesema pumzi ndiyo yote kwako. Sauti haina kazi. Sawa. Unaishi peke yako." Alimtazama Télesphore na vumbi lake, kisha akaendelea polepole. "Una tension ya damu. Umezaa watoto saba. Una miaka sitini na tatu."

Aliinua macho.

"Mama Mélanie, juzi kwenye faili ulikuwa na arobaini na nane. Umezeeka sana kwa siku mbili."

Télesphore alianza kucheka, akaacha. Macho ya Dokta yalikuwa yamekwisha kushuka kwenye mstari uliofuata, na mdomo wake ukaufuata kwa mazoea. "Ulipoulizwa unaogopa nini, ulijibu: Ninaogopa kufa chumbani mwangu nikiwa peke yangu, na watu wajue siku ya tatu."

Aliikunja karatasi mara mbili, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake.

Télesphore alichunguza dari. Nje, mtu alikuwa akimwaga maji kutoka ndoo, na yalichukua muda mrefu kuisha.

"Yaya," alisema Mélanie.

Yaya Pélagie alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kikwembe.

"Nilianza kujibu kwa ajili yake," alisema mwisho. "Mungu anajua. Maswali mawili ya kwanza yalikuwa ya Mélanie. Halafu ikauliza, kuna kitu gani kinakutia hofu? Nikatafuta jibu la Mélanie, silijui. Nikanyamaza. Nayo ikangoja. Dokta, ilingoja! Nani njo anangojea jibu langu? Watoto wangu wako Manono, wako Lubumbashi, wanapiga simu, mama uko sawa, niko sawa, wanakata. Ile ilikaa kimya na mimi. Basi nikaiambia. Na ilipofika kwenye miaka nilikuwa nimesahau kwamba nimekuja hapa na mugonjwa."

"Kosa ni langu," alisema Cécile. "Nilikuacha peke yako nayo."

"Apana. Una kosa gani? Mutoto alikuwa anatanguliza miguu."

Mélanie alinyoosha mkono, akaushika mguu wa dada yake, kwa kuwa mguu ndio uliokuwa karibu. Alikuwa amemfahamu Pélagie kwa miaka arobaini na nane, alikuwa amekula kwenye sufuria zake, na hofu hiyo hakuwahi kuisikia. Ilibidi isomwe na mwanamume kutoka kwenye karatasi yenye jina lingine. Alitaka kumwambia neno. Lililotoka lilikuwa: "Siku ya tatu? Mimi ningekuja siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza unakuwa kwenye kwaya," alisema Yaya Pélagie, na machozi yake yakachanganyika na kicheko kibaya cha puani.

Dokta Elysée aliomba kifaa cha kupima tension. Alimfunga Yaya Pélagie mkononi palepale, naye hakupinga. Alitazama namba, akapima tena, akamwambia Cécile amwandikie vidonge kuanzia siku ile, na kwamba Jumatatu arudi kwa ajili yake mwenyewe, si kama garde-malade. Kisha akaichukua tableti kutoka kwenye mfuko na kumwekea Mélanie mapajani.

"Sasa wewe," alisema. "Na tafadhali, mtu mwingine asijibu."

Ilikuwa vigumu kuliko walivyodhani. Swali la kwanza tu, Télesphore alifungua mdomo. Swali la pili, Yaya Pélagie. Cécile aliwatoa wote wawili hadi kizingitini, na pale walisimama wameshika midomo kama watoto.

Sauti ya polepole ilimuuliza Mélanie umri wake, usingizi wake, kazi yake. Iliuliza, kisha ikangoja, na Mélanie alielewa kilichompata dada yake. Kimya kile kilikuwa kipana. Mtu angeweza kukaa ndani yake.

Mwisho vilitokea vikapu vitatu na maharagwe kumi. Kikapu cha pumzi, kikapu cha sauti, kikapu cha kuishi bila vidonge. "Yagawe kadiri kila kitu kilivyo na uzito kwako," ilisema sauti. "Hakuna jibu baya."

Alitia manne katika pumzi. Kidole kilisimama juu ya kioo. Alimwambia Mungu, kwa wimbo usiosikika, Unisamehe kama ni majivuno. Kisha akatia sita yaliyobaki katika sauti.

"Sita?" alisema Télesphore kutoka kizingitini. "Mélanie! Tulikuja hapa kwa ajili ya pumzi."

"Papa, tafadhali," alisema Cécile.

"Mwache," alisema Mélanie. "Atauliza, na mimi nitajibu." Akawaambia. Aliwaambia kuhusu maneno yanayobaki mdomoni, na kuhusu uwanja, na ufagio, na Baba Yetu. Alisema kwa mafungu madogo, akipumzika kati ya fungu na fungu, akitazama mikono yake. "Sauti ikienda," alisema, "sijui nitamfikia Mungu na nini. Njo hiyo tu. Si kwa ajili ya kusifiwa na watu."

Télesphore alirudi akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Miaka ishirini na sita tumelala pamoja," alisema, "na hukuniambia."

"Niliona haya."

"Haya na mimi? Mimi ninayekoroma rozari nzima?"

Mashine haikuamua kitu. Iliandika tu kwamba, kwa mtu mwenye maharagwe yaliyokaa namna ile, inafaa kuongea na munganga kuhusu kutoa upande mmoja wa tezi na kuacha wa pili. Dokta Elysée alivuta kiti. Alieleza kwamba upande wa kulia ndio uliobana mrija. Ukitolewa huo, pumzi itafunguka, na uzi wa sauti wa upande wa kushoto hautaguswa kabisa. Hatari kwa sauti ingepungua. Haingeisha. Na kilichoachwa kinaweza kukua tena, baada ya miaka mitano, au kumi, na kupasua mara ya pili ni kugumu zaidi.

"Na wale watu mia moja?" aliuliza Mélanie.

"Wale ni hesabu za mahali ambapo kazi hii inafanyika kila siku. Hapa kwetu sina mia moja, mama. Nitakwambia ukweli. Tangu timu ilipoanza kuja, nina kumi na wanne."

"Na sauti zao?"

"Ya mmoja ilibadilika."

"Unamjua jina?"

"Ninamjua. Siwezi kukutajia."

"Sitaki unitajie," alisema Mélanie. "Nilitaka kujua kama analo."

Dokta alimtazama kidogo bila kuelewa, kisha akaacha kutafuta. Télesphore alisema kwamba yeye, kama ni yeye, angetoa yote na kumaliza kesi. Mélanie alimjibu kwamba koo halikuwa lake. Alisema bila ukali, na mume wake alijipangusa vumbi la nyusi, akasema: "Kweli, si langu." Ndipo Dokta akamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe kitakachofanyika. Mélanie alieleza: upande wa kulia, uzi, pumzi, miaka kumi, mara ya pili. Hakusahau kitu. Yaya Pélagie alitazama dari wakati wote, midomo ikimtetemeka kwa juhudi ya kutosaidia.

*

Asubuhi ya Alhamisi walimpeleka kwenye chumba chenye taa ya duara. Mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono baridi. Alimwambia avute hewa, na Mélanie alianza Baba Yetu, kwa kuimba, kwa sauti iliyobaki. Alifika kwenye mkate wetu. Baada ya hapo chumba kiliinuka taratibu kama mashua inayonyanyuliwa na maji yanayopanda, kamba ikalegea, na hakuwa na woga wa kwenda.

Alipoamka alikuwa amelala chali.

Hilo ndilo alilolitambua kwanza. Chali, mgongo wote kitandani, na pumzi ikiingia na kutoka bila kuomba ruhusa kwa mtu. Alisikiliza hewa yake kama mtu anayesikiliza mgeni akitembea chumba cha pili. Alilala tena. Alilala siku mbili, akiamka kwa uji tu, na hakuota kitu chochote.

Hakuruhusiwa kuimba kwa wiki tatu. Aliruhusiwa kusema, kidogo, na sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye hewa nyingi. Wiki zile alirudi nyumbani na kukaa mlangoni akitazama ziwa lililokuwa limeanza kushuka, likiacha mistari ya matope kwenye kuta za watu. Saa ya sala ilifika, naye hakuwa na njia. Basi alikaa. Hakusema, hakuimba. Alikaa mbele ya Mungu mikono mitupu, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya rafiki na kusahau alilolijia. Siku za kwanza aliona aibu. Baadaye aibu ilichoka. Hakujua kama kukaa kule kulikuwa sala, na hakumuuliza mtu.

Wiki ya nne alirudi kwa Dokta Elysée. Yaya Pélagie alikuwa naye, ila yeye alikwenda kukaa kwenye foleni yake, ya tension, na aliwaambia watu wote wa foleni hiyo kwamba safari hii yeye ndiye mugonjwa.

"Imba," alisema Dokta.

Mélanie alisimama. Alianza katikati, na sauti ilikuja, ikatulia, ilikuwa yake. Alipanda. Ilikuja. Alipanda tena, kuelekea pale juu ambapo kila Jumapili alianzia, na pale hapakuwa na kitu. Mdomo ulikuwa wazi, pumzi ilikuwa tele, pumzi ambayo hakuwa nayo kwa miezi, na ilipita bure, kama upepo katika nyumba isiyo na watu. Alijaribu mara ya pili. Alijaribu mara ya tatu.

Cécile aliangalia sakafu.

"Inaweza kurudi," alisema Dokta Elysée. "Kwa wengine hurudi baada ya miezi sita. Siwezi kukuahidi." Alingoja. "Mama, unajuta?"

Mélanie alilia kwanza, na walimwacha alie. Kisha akalifikiria swali lile kwa haki, kama alivyofundishwa na mashine, bila haraka.

"Apana," alisema. "Ninasikitika. Lakini nilijua, na nilichagua. Ukiniuliza tena nitagawa vilevile."

Jumapili alivaa sare ya kwaya. Papa Salomon alifurahi sana, akainua kidole chake kimoja. Mélanie alivuta pumzi, ndefu, hadi tumboni, na alianzisha wimbo wa kuingia chini, chini sana kuliko walivyouzoea, mahali ambapo sauti yake ilikuwa imebaki nzima. Kidole cha Papa Salomon kilisimama hewani. Akina mama walitazamana. Wanaume wa sauti ya nne, ambao tayari walikuwa chini, walimwangalia kama watu walioombwa kuingia kisimani. Yeye hakupanda. Alimaliza mstari wa kwanza peke yake, na aliyahisi maneno yakienda.

Kisha mmoja wa wanaume alikohoa, akajaribu, akapata, na wengine wakashuka kumfuata.